Waganga wa Tanga wanaponyamaza

Mikutano ya afya ya jamii asilia imekuwa mingi miaka hii. Agosti 2023 Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano wake mkuu wa kwanza wa tiba asili huko Gandhinagar, India. Mei 2024 mjini Geneva, WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, likapitisha mkataba wa rasilimali za vinasaba na maarifa ya jadi. Mwaka huohuo mkutano wa bioanuwai uliofanyika Cali, Colombia, ukakubali kuunda mfuko ambao angalau nusu ya fedha zake zinakusudiwa jamii asilia na jamii za wenyeji. Na habari kama hizi zikifika Tanga, lawama huwaangukia waganga wetu: wachoyo, wasiri, semina wanakwenda kwa ajili ya posho, na wakiulizwa mti gani unatibu nini wanataja mwarobaini.

Lawama hiyo ina msingi. Mganga anayepima mizizi kwa kiganja hawezi kumweleza daktari wa hospitali ya Bombo mgonjwa amekunywa kiasi gani, na daktari anayempokea mtu aliyechelewa, figo zimeshaguswa, ana haki ya kukasirika. Tena wapo wazee wanaofariki bila kumwachia mtu mkoba, yaani maarifa yao ya dawa.

Ila wanaolaumu wanasahau kilichokwisha kutokea hapahapa. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani wilayani hapa, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za kimmea chenye maua ya zambarau. Mwaka uliofuata kikapewa jina la kisayansi lililotokana na lake, Saintpaulia. Miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles wakaanza kuzalisha aina mpya, na leo kinauzwa kwenye vyungu karibu dunia nzima, huku ndugu zake wa porini wakizidi kupungua kwenye misitu ya Usambara. Najua, ua si dawa, na hakuna Mshambaa aliyetoa siri yoyote pale. Lakini hesabu ya kilichotoka na kilichorudi inaonekana wazi, na upande wa kilichorudi ni mtupu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Safari ile aliyepona ni mgeni.

Je, mkataba wa Geneva ungezuia? Unamtaka mwombaji wa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, aseme mmea umetoka nchi gani na maarifa ameyapata kwa jamii ipi. Haumlazimishi kugawana faida. Asipotaja, hataza yake haifutwi kwa kosa hilo peke yake, mpaka ithibitike alidanganya kwa makusudi. Na hauanzi kutumika mpaka nchi 15 ziwe zimejiunga. Mfuko wa Cali nao unaziomba kampuni zichangie, hauzishurutishi. Mganga wa Mlalo akisomewa haya yote, ataona sababu gani ya kufungua mkoba?

Watetezi wa mikutano hutoa mfano wa Afrika Kusini, na ni mfano mzuri. Mwaka 2019 sekta ya chai ya rooibos ilikubali kuwalipa Wasan na Wakhoi, jamii asilia za huko, asilimia 1.5, kwa kutambua kwamba maarifa ya mmea ule ni yao. Asilimia hiyo hainitoki kichwani. Inahesabiwa kwenye bei ya shambani, kabla chai haijafungashwa, haijapanda meli, haijabandikwa nembo, yaani kwenye bei ya chini kuliko zote katika safari yake. Mkulima akiuza majani ya rand 100, jamii mbili zinagawana rand moja na nusu. Hata hivyo ni ushindi, na walioupata ni watu waliokwenda mezani wakiwa na baraza lao na wanasheria. Kwetu nani angetia saini? Serikali ya kijiji? Chama cha waganga? Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 ilileta baraza la kusajili waganga, jambo jema kwa usalama wa wagonjwa, lakini usajili humtambua mganga mmoja mmoja, na dawa anayoitumia mara nyingi ni ya ukoo mzima.

Kuwaita waganga wetu wachoyo nashindwa kwa sababu ya yaliyotokea Pangani, wilaya ya mkoa huu wa Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, UKIMWI ukiua na dawa za kufubaza virusi hazipo, madaktari wa mkoa huu waliwafuata waganga, wakakaa nao, wakazitumia dawa zao kuwapa wagonjwa nafuu ya magonjwa nyemelezi. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa shirika la Tanga AIDS Working Group. Waganga walizungumza. Aliyekuwa akiuliza alikuwa daktari wa hapa, wa kuonana naye tena kesho, na dawa ilikuwa ikinywewa na wagonjwa wa hapa.

Kwa hiyo wataalamu wanaorudi na mabegi ya mikutano waje kwanza na karatasi, jina la mti baadaye. Karatasi iseme ukoo upi umetoa dawa, nani amechaguliwa kuusemea, na ikiuzwa watalipwa asilimia ngapi, ya bei ipi. Kwenye hiyo bei ipi ndipo ningewaomba wanasheria wakae muda mrefu.