Mkaa wa Dar na hesabu ya nyayo zetu duniani

Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Tangu hapo kila anayezungumzia mkaa huwa na upande. Wapo wanaosema misitu inaisha, akina mama wanakufa kwa moshi, mkaa upigwe marufuku na watu wahamie gesi. Wapo wanaowajibu kwamba mama lishe wa Mbagala hakuiharibu dunia, waliotajirika kwa mafuta na makaa ya mawe ndio waanze wao. Pande zote mbili zinapenda kutaja nyayo za kiikolojia, na kila upande huchukua nusu ya hesabu inayoufaa.

Hesabu yenyewe ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Profesa William Rees na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel, wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Waliuliza hivi: chakula anachokula mtu, mbao na kuni anazotumia, nyumba anayokaa na hewa ukaa anayotoa, vyote hivyo vinahitaji ardhi na bahari kiasi gani ili vizalishwe na kufyonzwa? Jibu, ndilo linaloitwa nyayo, hupimwa kwa hekta za ardhi yenye rutuba ya wastani wa dunia. Ukigawa uwezo wa dunia kwa watu wote waliopo, kila mmoja anapata takriban hekta moja na nusu. Mmarekani wa kawaida anatumia karibu 8. Mtanzania anatumia hekta moja na kidogo. Kwa ujumla wetu tumeshavuka mpaka: mwaka 2025, kwa mahesabu ya wafuasi wa njia hiyo, ilipofika Julai 24 binadamu tulikuwa tumekwisha kula fungu la mwaka mzima.

Kwa hiyo kundi la pili lina haki kwenye jambo kubwa. Zaidi ya nusu ya nyayo za dunia nzima ni hewa ukaa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inatokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Hata Dar nzima ikizima majiko ya mkaa kesho, deni hilo halitashuka kwa kiasi cha kuonekana. Anayemwambia muuza chapati kwamba jiko lake ndilo linaloyeyusha barafu ya Kilimanjaro anamwonea.

Lakini ubora wa hesabu hii, yaani kujumlisha dunia yote kuwa namba moja, ndio udhaifu wake pia. Haioni mahali. Mti uliokatwa Kisarawe hauhesabiki tofauti na mti uliokatwa Finland, wakati sisi tunajua kwamba Dar inakunywa maji ya mto Ruvu, na Ruvu inategemea milima na misitu ya Morogoro na Pwani. Watafiti waliofuatilia misitu kuizunguka Dar waliona mstari wa wachoma mkaa ukisogea kutoka kama kilomita 20 nje ya jiji mwaka 1991 hadi kilomita 50 mwaka 2005. Nyayo zinaweza kuwa ndogo kwa kichwa na bado zikakanyaga sehemu moja mpaka isiote tena.

Tuangalie tanuri lenyewe. Mchoma mkaa anapanga magogo, anafunika kwa majani na udongo, anawasha, kisha analinda kwa siku kadhaa, usiku na mchana, maana udongo ukipasuka hewa inaingia na mzigo wote unageuka majivu. Kwa tanuri la asili, kilo moja ya mkaa hula kilo 7 hadi 10 za mti. Kinachobaki kinapakiwa lumbesa, kinapita mageti ya ushuru au kinayakwepa kwa bodaboda usiku, na kinamfikia mpishi kwa sado au kwa kopo. Upotevu mkubwa uko porini, kabla jiko halijawashwa. Serikali ingeweza kuokoa miti mingi sana kwa kumfundisha na kumpa leseni huyu mtu wa porini, ambaye kampeni nyingi zinamtaja kama mhalifu tu.

Hilo si la kufikirika. Kilosa, kuanzia 2012, vijiji vilivyofanya kazi na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, vilitenga sehemu ya misitu yao kwa ajili ya mkaa. Waliigawa vitalu vya mita 50 kwa 50, wakavuna kimoja na kuacha cha jirani, na kitalu kilichovunwa kikapewa miaka 24 ya kupumzika. Miti ya miyombo, inayotawala misitu hiyo, ina tabia ya kuchipua kwenye kisiki, hivyo msitu unarudi bila kupandwa. Ushuru uliingia kwenye mfuko wa kijiji. Kwa lugha ya nyayo, mkaa wa namna hiyo unakaribia kuishi ndani ya uwezo wa ardhi yake, jambo ambalo mtungi wa gesi iliyotoka ng'ambo hauwezi kulidai.

Na hapa kuna ukweli ambao kundi la kwanza halipendi kuusikia: chanzo kikuu cha upotevu wa misitu Tanzania ni mashamba mapya, hasa ya mahindi. Mara nyingi mkaa huchomwa kwa miti iliyokwisha kuangushwa ili kupata shamba. Kilichokatwa kwa ajili ya mkaa kinaweza kuchipua. Kilichogeuzwa shamba hakichipui maadamu jembe linapita. Ukizuia mkaa bila kugusa kilimo cha kuhamahama, miti itaangushwa vilevile na kuchomwa moto palepale.

Marufuku tumeshayajaribu. Mwaka 2006 Serikali ya Tanzania ilizuia mkaa, bei ikaruka, na zuio likaondolewa muda si mrefu. Kenya nao walisimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma Februari 2018, na mkaa ukawa ghali kwa maskini wa mjini bila kukoma kupatikana.

Gesi, basi? Naiunga mkono kwa sababu ya mapafu kabla ya sababu ya misitu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na huo peke yake ungetosha. Lakini gesi ya mitungi ni mafuta ya kisukuku, yaani yanayochimbwa ardhini kama petroli, na kwetu inaletwa kwa meli. Ile ya Songosongo na Mtwara ni gesi ya namna nyingine, haijazwi kwenye mitungi hii. Pia mtungi unaotolewa bure kwenye hafla hauendi mbali: ukiisha, mama anahitaji elfu ishirini na kitu kwa mkupuo, wakati mkaa unauzwa wa elfu moja. Hata mwenye gesi anaweka jiko la mkaa pembeni kwa ajili ya maharage na makongoro.

Ndiyo maana macho yangu yako kwenye umeme. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na lina gharama zake kwa ikolojia ya Rufiji ambazo tayari tumezilipa. Jungu la presha la umeme linaivisha maharage kwa takriban nusu uniti. Kwa mteja wa daraja la chini, yaani mwenye matumizi madogo ya umeme, anayelipa kama shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, hiyo ni shilingi hamsini, na hata kwa bei ya juu ya 350 haifiki mia mbili. Hakuna kopo la mkaa la bei hiyo.

Kinachokwamisha ni mambo ya nyumba ya kupanga. Jungu lenyewe ni fedha nyingi kwa siku moja. Chumba kinashirikiana LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, na vyumba vingine vitano, na mpangaji akiwasha jiko la umeme majirani wanasema anawamalizia uniti, mwenye nyumba anamkataza. Na mita hiyo moja ikipita uniti 75 kwa mwezi, wote wanaingia bei ya juu. Shirika la umeme TANESCO na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, wangeanzia hapa: mita kwa kila chumba, uniti za kupikia ziongezwe kwenye daraja la chini, na jungu likopeshwe na kukatwa kidogo kidogo kwenye kila manunuzi ya LUKU.