Gari Liishie Lushoto

Wanandoa wengi wa mijini wakipata likizo hufikiria bahari kwanza, kisha mbuga za wanyama, na milima huja mwisho, tena kama kitu cha kutazama kupitia dirisha la basi. Barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha hupita chini kabisa ya milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga. Abiria hushuka Mombo, hula chakula cha haraka, huinua macho kuutazama ukuta ule wa mawe na misitu uliosimama upande wa kulia, kisha huendelea na safari. Ninaamini kwa dhati kwamba mke na mume wenye siku chache na fedha za kiasi hawatapata safari nzuri kuliko ya kukata kona hapo Mombo, kupanda Lushoto kwa gari, kuliegesha gari hilo na kuanza kutembea. Ninaweka mkazo kwenye kutembea, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo wengi wetu tunaiacha.

Kupanda kwenyewe si jambo dogo. Kwa kilomita zinazozidi 30 kidogo, barabara ya lami hupanda karibu mita 1,000 ya kimo, ikiacha nyuma joto na mashamba ya mkonge ya bondeni, ikijishikiza kwenye ubavu wa mlima huku bonde la mto likididimia upande wa pili. Kona ni nyingi na kali, na dereva mwenye adabu hupiga honi kabla ya kila kona isiyoonesha mbele, kwa kuwa huenda upande wa pili kuna lori la kabichi na karoti linaloteremka kuelekea masoko ya Dar es Salaam. Ushauri wangu ni kupanda mchana, madirisha yakiwa wazi, ili mwili uhisi hewa inavyobadilika. Ukikaribia Soni, ambako maji huporomoka juu ya miamba karibu kabisa na barabara, mikono huanza kutafuta sweta. Isitoshe, anayeshika usukani kwenye njia ile haoni chochote zaidi ya lami, na si haki mmoja ale mandhari yote huku mwenzake akihesabu kona. Simameni Soni, teremkeni, tazameni pamoja, na siku ya kurudi mbadilishane usukani ikiwa nyote mna leseni.

Wakoloni wa Kijerumani waliupenda ubaridi huo kiasi cha kuuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm wa Pili, na kuufanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Labda ndiyo maana fikra imebaki hadi leo kwamba kupanda milima kwa kujifurahisha ni mambo ya wageni. Lakini kabla yao, katikati ya karne ya 19, Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka Vugha, si mbali na Soni, dola iliyofika hadi pwani, na watu wake walikuwa wakipita njia hizi za miguu kwenda mashambani, sokoni na barazani kwa mtawala wao. Njia ambazo watalii hulipia kuongozwa leo ni njia za Wasambaa, na nyingi bado zinatumika kwa kazi zilezile za kila siku. Mtanzania anayezipita hazuru nchi ya mtu mwingine.

Hata hivyo, mazoea hayaondoki kwa siku moja. Mara ya kwanza mimi na mume wangu tulipotoka Lushoto kwa miguu kwenda Irente, njia inayopita kijiji cha Yoghoi na isiyozidi mwendo wa saa mbili kwa hatua za taratibu, tulikutana na mzee aliyebeba jembe begani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akatuuliza kwa huruma ya kweli: “Wanangu, gari limewaharibikia wapi?” Tulipomweleza kwamba gari ni zima, na kwamba tunatembea kwa kupenda tu, alitutazama kwa muda, akatuonesha njia ya mkato inayokwepa vumbi la barabara, akatusindikiza hadi mahali njia inapogawanyika. Tulipokuwa tukitembea alitueleza matuta yanavyozuia udongo usiporomoke mvua za masika zinaponyesha, na akatuonesha shamba ambalo mwenyewe hakuweka matuta, likiwa limebaki na mfereji mwekundu katikati. Kwa gari tungelipita shamba lile tusijue kuna la kusoma.

Jambo ninalotaka hasa wanandoa walisikie ni namna njia nyembamba inavyobadilisha mazungumzo. Nyumbani, mambo mazito huzungumzwa ana kwa ana, mezani au chumbani, na macho ya mwenzako huwa mbele yako wakati wote, kwa hiyo neno moja likimuuma unaliona mara moja na kulirudisha, na mara nyingi mazungumzo hukatika papo hapo. Kwenye njia ya mlimani mmoja hutangulia na mwingine hufuata. Hakuna anayemwangalia mwenzake usoni. Pumzi ni fupi, hivyo sentensi nazo huwa fupi, na kimya kirefu hakimtishi mtu kwa kuwa kila mmoja ana kilima chake cha kumaliza. Kwa miezi mingi mimi na mume wangu tulikuwa tukilizunguka suala la mama yake kuja kuishi nasi, kila mmoja akijua mwenzake anawaza nini na hakuna aliyethubutu kuanza. Lilisemwa juu ya Yoghoi, yeye akiwa mbele na mimi nyuma, na tulipofika kwenye jabali la Irente, ambapo ardhi hukatika ghafla na uwanda wa nyika hutandaa chini kabisa mbele ya macho, tulikuwa tumeshafikia kupanga ni chumba kipi kitakuwa chake.

Kanuni tunayoifuata sasa ni kwamba anayetembea polepole hutangulia. Wanaume wengi hujiweka mbele kwa mazoea, wakaongeza hatua, kisha husimama juu ya kilima kumsubiri mke, na mke anapofika akihema, wao wameshapumzika na wanaanza tena. Mwanamke wa namna hiyo hapumziki kamwe, na jioni atasema hapendi milima, ilhali alichokichukia ni kufukuzana. Mwenye hatua fupi akiwa mbele, wote wawili hufika pamoja, na hata mazungumzo huwa na mwendo mmoja.

Baada ya Irente, wenye nguvu waende Magamba. Ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kiingilio cha raia ni kidogo mno kulinganisha na cha mgeni. Ndani yake mchana hugeuka jioni kwa unene wa majani. Kuna mikulo mikubwa, mti ambao jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, limetokana na milima hii, na ukibahatika utawaona mbega wakirukaruka juu, mikia yao yenye ncha nyeupe ikining’inia. Chukueni mwongozaji mwenyeji, na wala msilione hilo kuwa gharama ya bure. Njia za ndani hugawanyika bila alama, ukungu huingia ghafla, na macho ya mtu aliyekulia pale huona vitu ambavyo ninyi mngevikanyaga. Mwongozaji wetu alisimama mbele ya kichaka ambacho mimi niliona majani matupu, akanyoosha kijiti, na polepole nikaanza kumtambua kinyonga: kwanza jicho moja likizunguka, kisha vipembe viwili puani, kisha mguu ulioshika tawi kwa vidole vilivyogawanyika mafungu mawili. Hakumgusa. Hapo nina ombi. Mkikutana barabarani na watoto waliombeba kinyonga kwenye kijiti wakiomba fedha ya picha, msilipe, hata kama moyo unawahurumia, kwa sababu kila picha inayolipiwa humtoa kinyonga mwingine msituni. Nunueni kwa watoto hao plamu au pichesi, ambazo mama zao huzikusanya msimu wake ukifika.

Kwa wenye siku nyingi zaidi, ipo njia ya kwenda Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ukingo wa kaskazini kabisa wa milima, ambapo huonekana Mkomazi bondeni na milima ya Upare mbele, na siku ya anga safi Kilimanjaro yenyewe. Barabara ya gari ipo, lakini ni mbovu mvua zikinyesha, na mimi ningempendekezea yeyote mwenye magoti mazima aende kwa miguu, akilala njiani vijijini. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo inayofaa zaidi, ingawa Juni na Julai usiku ni baridi hasa na blanketi la pili si anasa. Masika msiyajaribu, kwa kuwa utelezi hufanya kila hatua kuwa kazi na udongo huweza kuporomoka juu ya barabara.

Kuhusu kuteremka kurudi Mombo, nalisema hili kwa mkazo kuliko yote: shukeni kwa gia ya chini, injini ishike gari, na mguu usikae juu ya breki muda wote, maana breki zikipata moto hazishiki, na zile kona hazisamehi.

Sisi sasa tunaipangia Usambara Mashariki, ng’ambo ya bonde la Lwengera, tukipandia Muheza kwenda Amani. Wajerumani walianzisha huko taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, na kwenye miamba yenye kivuli ya upande huo huota ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu kote Ulaya na Marekani, ambalo mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliliita Saintpaulia kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga aliyelipeleka kwao. Nimeliona kwenye madirisha ya watu. Ninataka kuliona kwenye mwamba wake, nami nimeshamwambia mume wangu kwamba gari litabaki Amani na mimi ndiye nitakayetangulia.