Nyumba ya kuuza: itiwe rangi kwanza au iuzwe ilivyo?

Kuna mabishano skuhizi hapa Unguja hayakosi kila familia inapotaka kuuza nyumba. Dalali anakuja, anazunguka mpaka uwani, anatizama juu anatizama chini, alafu anasema hapa kwanza mtie rangi, mtoe haya makabati, mpige picha nzuri, ndo tuongee bei. Wazee wa nyumba nao wanamjibu kwamba hawauzi rangi, anaeitaka nyumba aje aione ilivyo, wao hawamfichi mtu kitu. Mie nimeyasikia ya upande huu na ya upande huu na kwangu kila mmoja ana haki, ila haki yenyewe inahama kutegemea nyumba gani na kitu gani unakitengeneza, na inafaa tulizungumze kwa kirefu mana kwa wengi wetu nyumba ndo mali kubwa pekee tutakayoiuza maisha yetu yote.

Nianze na dalali, mana yeye anasemwa vibaya sana kuliko anavostahiki.

Mnunuzi wa leo haanzii mlangoni, anaanzia kwenye simu. Yuko Muscat, yuko Dubai, yuko London, ana pesa zake alizokusanya miaka na anatafuta nyumba ya kumueka mamake au ya kuja kuzeekea, anatumiwa picha kwa WhatsApp tena za nyumba nyingi kwa pamoja. Sasa wewe picha yako imepigwa usiku, taa moja ya njano, kochi limejaa nguo za kukunja, chooni ndoo na beseni na mswaki, pembeni mguu wa mtoto umetokea. Nyumba inaweza kuwa na msingi imara kuliko zote alizotumiwa siku ile lakini yeye msingi hauoni, anaona kiza na fujo na anapitisha kidole. Huyo umeshamkosa na hata hujajua kama alikuwepo.

Na nyumba zetu zilivyojengwa zinahitaji msaada huu. Chukua nyumba ya kawaida ya Fuoni au Tomondo au Kwarara, ukumbi uko katikati, vyumba vimeuzunguka huku na huku, madirisha karibu yote ni ya vyumbani, kwahivo mwangaza wa ukumbini unategemea mlango wa mbele na wa uwani na milango ya vyumba ikiwa wazi. Watu wenyewe wanafunga vyumba, dirisha moja lililobaki limezibwa na kabati la vyombo, juu yake pazia zito. Mgeni akiingia hapo saa nne ya asubuhi anahisi kaingia ghalani. Likihamishwa lile kabati, pazia likifunguliwa, milango ikaachwa wazi, nyumba ile ile inaonekana imeongezeka. Hakuna senti iliyotoka na hakuna alieongopewa, kwasababu huo mwangaza ni wa nyumba kweli na mnunuzi akihamia ataukuta.

Jengine ni kwamba macho ya wanunuzi yameshafunzwa. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu hata wageni kununua fleti kwenye majengo ya umiliki wa pamoja, na tangu hapo miradi kama ya Fumba inauza nyumba kwa picha za kompyuta kabla haijaezekwa, na ukifika unatembezwa kwenye nyumba ya mfano ilopangwa mpaka mito ya kochi. Mtu akitoka kule akaja kuangalia nyumba yako Kiembe Samaki anakuja na jicho lile lile. Marekani huku kuipanga nyumba ili iuzike wamekufanya kazi kamili ya mtu, anaetajwa kuwa ndo muasisi wake ni Barb Schwarz aliyeanza mwaka 1972, na huko kuna wanaolipwa kuleta fanicha ndani ya nyumba tupu ikishauzwa wanazirudisha. Sisi hatuhitaji kufika huko, wala sioni maana ya kukodi makochi Mwanakwerekwe. Ila asiseme mtu kwamba kupanga nyumba ni uzungu. Mama zetu akija mgeni wa heshima wanadeki, wanatandika mkeka mpya, wanafukiza udi, asumini inatiwa kwenye sahani. Nyumba ya kiswahili siku zote imejua kujipamba kwa ajili ya macho ya mgeni.

Hapo kwenye udi ndipo wazee wanapoanza kuwa na haki.

Mana udi unanukisha nyumba nzuri na udi pia unafunika harufu ya ukungu. Sisi tunakaa kisiwani, masika inapiga Machi mpaka Mei, hewa ina chumvi, na nyumba nyingi za matofali zimejengwa bila ya kizuizi chochote baina ya msingi na ukuta, kwahivo maji ya ardhini yanapanda taratibu yakiwa yamebeba chumvi. Kila mtu hapa anaijua hali hiyo, chini ya ukuta rangi inavimba kama malengelenge, ukiigusa inabanduka, nyuma yake kuna unga mweupe laini, ukiufagia leo baada ya wiki chache umerudi. Fundi anajua, mwenye nyumba anajua. Ukipaka puti na rangi ya plastiki mwezi wa Januari kaskazi inavuma na kila kitu kikavu, ukuta unapendeza, na picha zinatoka safi. Mnunuzi analipa Februari, anahamia Machi, na mwezi wa Mei anagombana na ukuta.

Hii haiwezi kuitwa matayarisho, hii ni ghishi, yani udanganyifu kwenye biashara. Na hapa kwetu hilo lina jina na hukumu kabla hata ya kufika kwa hakimu. Wote tumesomeshwa hadithi ya Mtume SAW aliyepita sokoni akatia mkono kwenye lundo la chakula, vidole vikatoka na majimaji, akamuuliza mwenye biashara, yule akasema mvua ilikinyeshea, akamwambia kwanini basi usikiweke juu watu wakakiona, mwenye kughushi si katika mimi. Ukiitizama vizuri hadithi ile hakukatazwa mtu kuuza chakula kilichorowa. Alitakiwa akiweke juu kionekane. Na kwenye fiqhi, yani sheria ya dini, mnunuzi akigundua aibu, yani kasoro, iliyokuwepo kabla ya mauziano na hakuambiwa, ana khiyari ya kurudisha. Kwahivo mzee anaposema "mwanangu mie sitii rangi juu ya ukuta huu nikamuuzia mtu" hazungumzi ukale, anailinda pesa isirudi kudaiwa na anailinda roho yake pia.

Lakini na wazee nao wanachanganya mambo mawili. Wanaichukua ile hukumu ya ukuta wenye maji wanaitia hadi kwenye uwani usiofagiliwa, bomba linalodondoka, glasi ya dirisha ilovunjika tangu watoto wadogo, swichi inayoninginia. Kuacha hivyo vyote ilivyo na kuita uaminifu, hapo siko nao. Bomba linalodondoka ukilitengeneza hujamficha mtu chochote, umelitengeneza kweli. Tena mnunuzi akiona swichi inaninginia anajiuliza kama hichi kidogo kimewashinda waya ndani ya dari zikoje, anaogopa makubwa yasiyokuwepo, na bei yake anaikata kwa ile hofu. Mwenye nyumba anapoteza mamilioni kwa kitu cha elfu chache.

Kwangu mie mstari uko hapo, kila kazi unayotaka kuifanya kabla ya kuuza jiulize inamuonyesha mnunuzi kitu kilichopo au inamzuia asikione. Kufungua madirisha, kusafisha tangi la maji, kutoa vyombo vilivyojaa njiani, kufyeka uwani mpaka mipaka ya kiwanja ionekane, hizo zinaonyesha. Rangi iko katikati, kwenye ukuta mkavu ni usafi na kwenye ukuta unaotoa chumvi ni kifuniko. Dari la jipsamu jipya chini ya bati linalovuja, hilo hata tusilijadili.

Mji Mkongwe nautenga mbali kabisa kwasababu kule rangi inaweza kuua nyumba yenyewe. Zile nyumba ni mawe ya matumbawe na chokaa, juu boriti za mikoko, na kuta zake zinavuta unyevu na kuutoa, ndo mana zimeishi miaka mingi namna ile. Mtu anataka kuuza, anataka ukuta unyooke kwenye picha, anapiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta. Unyevu unakosa pakutokea, unabaki ndani, chumvi inasukuma, plasta inaachia mabamba kwa mabamba, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaoza kimyakimya. Umetumia pesa kuidhoofisha mali unayoiuza. Chokaa ni ya kungoja na mafundi wake wanaijua, lakini ndo kitambaa chake ile nyumba. Na ule mji uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, matengenezo yana vibali vyake kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, mnunuzi mwerevu atakuuliza kibali kiko wapi. Baada ya sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, kuporomoka tarehe 25 Disemba 2020 nadhani hakuna anaehitaji kukumbushwa kwamba atizame boriti kabla ya kusifu nakshi ya mlango.

Kuna na suala la stara ambalo madalali vijana wanalipita mbio. Nyumba ya kuuza mara nyingi ina watu ndani, kuna bibi mgonjwa, kuna mabinti, na mnunuzi anataka aingie mpaka chumba cha kulala. Nilikuwepo pahala kijana wa udalali amesimama ukumbini simu mkononi anasema "Shikamoo mama, naomba nipige na chumba chako hichi, wateja wa nje wanauliza vyumba", na bi mkubwa akamjibu kwa upole kabisa "Marahaba mwanangu, chumba changu utakipiga nikishatoa kitanda changu, sitaki kitanda nnacholala kizunguke kwenye masimu ya watu." Mie naona yule mama alikuwa na haki na hata kibiashara alikuwa sawa, mana chumba bila ya mashuka ya mtu na picha za harusi ukutani kinaonekana ukubwa wake, na familia inahifadhika. Basi wapange siku moja, watu wapishe kwa majirani asubuhi, zipigwe picha zote kwa mwangaza wa jua, na wateja wa kuja kuona wawe kwa miadi, isiwe kila anaepita barabarani anabisha hodi.

Makaratasi nayataja kwa ufupi ila kwa uzito. Ardhi Zanzibar ni ya serikali, kwa Sheria ya Umilikaji wa Ardhi ya 1992 wewe una haki ya matumizi, na nyumba nyingi mitaani zina karatasi ya mauziano ya kwa sheha tu, nyengine jina ni la babu aliyefariki zamani. Nimeona nyumba zimetiwa taizi mpya mpaka barazani na hati haipo. Mnunuzi anaipenda, anatoa neno, alafu mambo yanalala kwa miezi, na ile rangi mpya inazeeka ikingoja saini. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, anza na hati.

Inabaki hoja ya wazee ambayo naiona ina nguvu kuliko zote na haisemwi wazi, nayo ni nani anaelipa. Nyumba zetu nyingi zinauzwa kwasababu mzee kafariki na warithi wanataka haki zao. Mjane ana thumuni yake, yani fungu moja katika manane, watoto wa kiume na wa kike na mafungu yao, mmoja yuko Pemba, mmoja yuko nje, na aliyopo nyumbani ndo anaambiwa atie rangi. Akitoa mfukoni kwake, ikiuzwa wengine wanasema hatukukutuma. Asipotoa nyumba inakaa. Ndugu wamenuniana kwa ndoo za rangi na haya si maneno ya kuzusha, kila mtaa una kisa chake. Dalali anaeshauri "tieni milioni mbili tatu itapanda bei" hayumo kwenye ugomvi huo, na hakuna anaeweza kukuhakikishia kwamba ulichotia kitarudi, hasa kama mnunuzi ana nia ya kuvunja na kujenga gorofa. Kwa nyumba kama hizo ushauri wangu ni kuishia kwenye usafi na mwangaza na matengenezo madogo, na hata hayo madogo warithi wote wakubaliane kabla, iandikwe kiasi gani na nani katoa, risiti ziwekwe pamoja, na siku ya mauzo itolewe gharama hiyo kwanza mbele ya mashahidi ndo kilichobaki kigawiwe. Na ule ukuta wa chumba cha nyuma unaotoa chumvi uachwe kama ulivyo, mnunuzi apelekwe auguse kwa mkono wake, bei izungumzwe hapo hapo mbele yake.