"Ovjera" ni neno moja, kazi zake ni nyingi

Ukifasiri hati za Bosnia na Herzegovina kwenda Kiingereza, siku haipiti bila kukutana na neno "ovjera". Ndani yake mmo "vjera", yaani imani: karatasi imefanywa iaminike. Ofisa wa manispaa akigonga mhuri kwamba nakala ya diploma inalingana na asili, ni ovjera. Mtu akitia sahihi mbele yake, kitambulisho kikiwa mezani, ovjera. Mfasiri wa mahakama akigonga mhuri wake chini ya tafsiri, ovjera tena.

Wapo wanaotaka litafsiriwe "certification" kila mahali, na hoja yao ina uzito: kazi ya mfasiri ni lugha, si kuamua sheria. Wengine humpa msomaji neno alilolizoea, ndipo inapozuka "notarized", yaani iliyothibitishwa na notari, mtu mwenye mamlaka ya kisheria ya kuthibitisha hati na sahihi. Nawaelewa, maana karani wa chuo anataka kujua upesi kama karatasi inafaa. Lakini mhuri ukiwa wa manispaa, tafsiri imemtaja notari ambaye hakuwepo, na faili likirudishwa anayeumia ni yule anayesubiri nafasi ya masomo.

Hata notari akiwepo, mambo hayajaisha. Katika majimbo mengi ya Marekani, notari si lazima awe mwanasheria. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha kwamba aliyetia sahihi ndiye mwenyewe. Wa Bosnia ni mwanasheria, na katika "notarska obrada" ndiye anayeandaa hati, akawasomea wahusika na kuwaeleza itawafunga vipi kisheria. Kuiita hati hiyo "notarized document" ni kuishusha. "Notarial deed" inakaribia zaidi.

Kwangu, kabla ya kuchagua neno lazima kujua nani kathibitisha, na kathibitisha nini. Nakala iwe "certified copy", sahihi iwe "certified signature", kisha ofisi itajwe kama ilivyo kwenye mhuri. Kiswahili chenyewe kinatufundisha hilo: wakili "anathibitisha" nakala ya cheti, na mwalikwa "anathibitisha" kuhudhuria harusi.

Apostili, yaani cheti kinachobandikwa kwenye hati ya umma ili ikubalike nchi nyingine, ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko zote. Kwa Mkataba wa Hague wa 5 Oktoba 1961, inashuhudia sahihi, cheo cha aliyesaini na mhuri, basi. Ikibandikwa kwenye nakala ya diploma iliyogongwa mhuri na manispaa, inamsemea yule ofisa wa manispaa. Juu ya chuo kilichoitoa diploma haisemi lolote.