Waya Haujui Modemu Umeinunua Wapi

Kuna wakati Marekani ilipelekana mahakamani kwa sababu ya kikombe. Kiliitwa Hush-A-Phone, kinavalishwa kwenye mkono wa simu ili wenzako ofisini wasisikie unachosema. Hakina waya, hakitumii umeme. AT&T, kampuni iliyomiliki sehemu kubwa ya mtandao wa simu wa nchi hiyo, ilikipiga vita hivyohivyo, kwa hoja kwamba kitu chochote isichokitoa yenyewe ni hatari kwa mtandao, na ikashindwa kwenye mahakama ya rufaa mwaka 1956.

Hoja ya hatari haikuwa uongo mtupu. Laini ya simu ya mezani hubeba takriban volti 48, na simu inapoita umeme wa mlio hukaribia volti 90. Sasa chukua modemu, kifaa kinachopitisha data za kompyuta kwenye laini ya simu, ikiwa mbovu na inavujisha umeme wa ukutani kuingia kwenye laini, huku fundi yuko juu ya nguzo ameshika waya. Anaweza kufa. Nayo modemu inayotuma mawimbi makali kupita kiasi huingilia mazungumzo ya majirani ambao waya zao zimo kwenye kebo hiyohiyo. Haya ni madhara ya kweli. Lakini yote yanapimika, na kipimo hakihitaji kujua mali ni ya nani.

Mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilimpa haki Thomas Carter wa Texas, aliyetengeneza Carterfone, kifaa cha kuunganisha redio za kazini na simu. Tume ilikubali kwamba mteja anaweza kuunganisha kifaa chake mradi hakidhuru mtandao. AT&T ikaja na ujanja mpya: sawa, unganisheni, ila katikati pakae kifaa cha kinga, na hicho mtakikodi kwetu! Ilibidi zije kanuni za FCC ziitwazo Part 68, katika miaka ya 1970, ndipo mlango ukafunguka kwelikweli.

Kanuni hizo nazipenda kwa ukavu wake. Zinataja nguvu ya mawimbi isiyopaswa kuzidishwa na kinga dhidi ya umeme mkubwa. Hata ukimya umo: modemu ikipokea simu isitume data kwa sekunde mbili za kwanza, mitambo ya malipo ipate kufanya kazi yake. Ukitimiza, chomeka. Kampuni ya Hayes ilipotoa modemu yake, Smartmodem, mwaka 1981, ilichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.

Ujerumani Magharibi mambo yalikuwa mengine. Bundespost, shirika la serikali la posta na simu, ilimiliki mtandao, ikakodisha modemu, na idhini za vifaa zilikuwa mikononi mwake. Mchezaji huyohuyo ndiye mwenye filimbi. Kuunganisha modemu isiyoidhinishwa lilikuwa kosa la jinai. Matokeo yake, vijana wa Chaos Computer Club, chama cha wadukuzi, walisambaza maelekezo ya kujitengenezea modemu waliyoiita Datenklo, yaani choo cha data, kwa kuwa mkono wa simu ulishikiliwa na mipira ya mabomba ya chooni. Sheria ikifika hapo, inadharaulika hata na watu waungwana.

Kwetu hoja hii tunaijua kwa sura nyingine. Wengi wetu tuliingia intaneti kwa modemu za USB zilizofungwa zikubali laini ya kampuni moja tu, na vijana wa mtaani wakageuza kuchakachua modemu kuwa ajira. Kufunga kule hakukumkinga fundi wala jirani. Kulilinda soko, basi, na nisingependa mamlaka yoyote ikuite kufunga huko usalama.

Redio mbovu inayovuruga masafa ya wengine izuiwe, hapo sina ubishi. Ila Kenya mwaka 2012 na Tanzania mwaka 2016 zilipozima simu bandia, kigezo kilikuwa IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu. Namba inaweza kunakiliwa kutoka simu halali, na haisemi lolote kuhusu mawimbi yanayotoka kwenye antena. Ninachotaka ni vipimo vyenyewe, viandikwe kwa Kiswahili na viwekwe mahali ambapo muuza simu wa Kariakoo anaweza kuvisoma bure kabla hajaagiza mzigo, na kila kifaa kinachokataliwa kitajiwe kipimo kilichokiangusha.