Bodi za leseni: mteja ni nani?

Muuguzi anayehuisha leseni, mhandisi anayesubiri kusajiliwa, daktari ambaye leseni yake inaisha Desemba: kila mmoja amelipa ada, na akifika kwenye kaunta ya bodi yake hapa Nairobi anajiona mteja anayestahili kuhudumiwa haraka. Bodi nazo zina hoja nzito. Sheria iliziunda kumlinda mgonjwa na mpita njia chini ya jengo linalojengwa. Mwaka 2015, ilipofichuka kwamba mtu mmoja alikuwa akijifanya daktari wa wanawake katika kliniki ya Githurai, swali lililoumiza wengi lilikuwa moja: wakaguzi walikuwa wapi?

Hoja hiyo naikubali. Cheti ambacho chuo hakijakithibitisha hakifai kupita eti kwa kuwa mwombaji amechoka kungoja. Tatizo ni kwamba umakini umegeuzwa kichaka cha kujificha. Kukagua vyeti kwa ukali hakumzuii ofisa kupokea simu.

Kuhamia eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma za mtandaoni, kumesaidia, tena sana. Muuguzi wa Lodwar hahitaji tena kupanda basi la usiku ili alipe ada tu. Hata hivyo, mtandao umeondoa foleni bila kuondoa giza. Ombi husomeka “linashughulikiwa” wiki baada ya wiki, na mwombaji hajui kama karatasi imekosekana, pointi za mafunzo ya kujiendeleza kazini hazijatosha, au faili limesahaulika. Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa na wadukuzi, tuliona jinsi mtu anavyokwama pale mfumo unapokuwa ndio mlango pekee. Kwa anayetafuta kazi Uingereza, barua ya bodi ya kuthibitisha usajili wake ikichelewa, kazi yenyewe inaweza kumponyoka.

Ndiyo maana kasi si kipimo ninachokitanguliza. Naanza na sababu. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala wa haraka na wa haki, na anayeathiriwa na uamuzi huo ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya kukitekeleza ilipitishwa 2015. Kwa hiyo mwombaji akiambiwa “njoo kesho” bila maelezo, anachonyimwa ni haki yake kikatiba. Aliyekataliwa akaelezwa kwa nini amehudumiwa vizuri kuliko aliyepewa leseni baada ya kujuana na mtu wa ndani. Huyo wa pili, kwa kweli, ndiye anayemhatarisha mgonjwa.

Wapo watakaosema maofisa ni wachache na kumwandikia kila mtu sababu kutawalemea. Ni kweli kwa mafaili magumu, yale ya vyeti vya nje ya nchi kwa mfano. Lakini kasoro nyingi hujirudia: ada haijalipwa, picha haisomeki, barua ya mwajiri haina muhuri. Hizo zinaweza kuandikwa mara moja kwenye mfumo, ofisa akabofya inayohusika, na mwombaji akapata ujumbe kwenye simu siku hiyo hiyo. Muda utakaookolewa ndio wa kuchunguza vyeti vyenye shaka.