Wimbo Una Tusi, au Una Dharau?

Kuhusu nyimbo za mapenzi, wazazi wengi wako pande mbili. Kuna wanaotaka mtoto asisikie habari za mahaba hadi akue, na kuna wanaosema mtoto anacheza mdundo tu, maneno hayamwingii. Wote wana hoja. Kinachowapotosha ni kipimo.

Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, ni kweli kwamba mafumbo ya kitandani hayaelewi. Lakini kiitikio hurudiwa mara tatu au nne ndani ya dakika tatu, na wimbo ukipigwa kila siku maneno hukaa kichwani kabla ya maana. Maana ikija, akiwa na miaka tisa au kumi, inakuta maneno yamekwisha kuzoeleka. Halafu kuna mwili. Mtoto asiyejua hata neno moja la wimbo huiga viuno vya wachezaji wa video vizuri kabisa, na watu wazima humpigia makofi. Makofi hayo yanamfundisha kuliko wimbo wenyewe.

Wanaopiga marufuku wana ushahidi wa kutajwa. Mwaka 2006 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa RAND, shirika la utafiti la Marekani, uliofuatilia vijana 1,461 wa Marekani, wenye miaka 12 hadi 17. Waliosikiliza zaidi nyimbo zinazozungumzia ngono kwa kudhalilisha walianza ngono mapema zaidi. Nyimbo zilizotaja ngono bila kudhalilisha hazikuonyesha uhusiano huo. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba wimbo ndio chanzo, maana huenda kijana anayeelekea huko ndiye anayezichagua nyimbo hizo. Hata hivyo unamwonyesha mzazi pa kutazama: dharau, si mapenzi.

Chukua mistari miwili ya kutungwa. Wa kwanza: "Nakutamani usiku kucha, ukiniambia ngoja, nitangoja." Wa pili: "Umesema hapana, lakini macho yako yanasema ndiyo." Mzazi mwenye haraka ataufuta wa kwanza kwa sababu ya neno kutamani, na wa pili ataupitisha kwa kuwa hauna tusi. Mimi ningefanya kinyume. Katika wa kwanza, anayeimbiwa ana kauli na kauli yake inasikilizwa. Wa pili unamfundisha mvulana kwamba kukataliwa ni mchezo, na unamfundisha msichana kwamba neno lake halihesabiki.

Alama za onyo zinazowekwa kwenye muziki haziwezi kuona tofauti hiyo. Ile ya "Parental Advisory", yaani onyo kwa wazazi, ilizaliwa Marekani kutokana na shinikizo la kundi la wazazi la PMRC mwaka 1985, na nembo ya pamoja ikaanza kutumika 1990. Haitaji umri, na anayeamua kuiweka ni kampuni ya muziki au msanii mwenyewe. Herufi E (kifupi cha Explicit, yaani lugha kali) unayoiona kwenye Spotify nayo hutegemea taarifa za wenye wimbo. Washa kichujio cha maudhui, kinasaidia: kwenye iPhone kimo ndani ya Screen Time, kwenye Spotify kimo katika mipangilio, kwenye YouTube kinaitwa Restricted Mode. Ila jua kinapovujia. Fumbo hupita. Toleo "safi" huzima neno moja na kuacha kisa kizima. Wimbo ulioharakishwa au kuimbwa upya na mtu mwingine huweza kupandishwa mtandaoni bila alama yoyote. Na Restricted Mode huwashwa kwa kila kifaa au kivinjari; ukiiwasha kwenye kimoja, haikufuati kwenye kingine.

Kwa hiyo pima mwenyewe, kwa dakika kumi. Soma maneno kwanza bila sauti, kwa sababu mdundo mtamu hufunika mengi. Jiulize: anayeimbiwa ni mtu kamili mwenye kauli, au ni orodha ya viungo vya mwili? Akikataa, nini kinafuata? Wivu, vitisho na kumfuatafuata vinaitwa mapenzi? Pesa inamnunua? Ndipo usikilize, kisha utazame video peke yake, maana wimbo wa kawaida wa kuachwa unaweza kupewa video isiyofaa hata kidogo. Video ikishindwa kipimo hicho, ruhusu sauti tupu. Ukikuta dharau, ukatae kwa umri wowote wa utoto na useme sababu.

Ukikuta mahaba ya wazi yasiyo na dharau, umri ndio uamue. Hadi miaka minane hakuna anachokosa, badilisha wimbo bila hotuba. Kati ya tisa na kumi na miwili, sikilizeni pamoja. Kwa kijana wa kumi na tatu na kuendelea, kukataza kabisa humhamishia kwenye spika za masikioni, na huko wewe hupo. Naye ana sababu nzuri ya kuzipenda: nyimbo za kupenda na kuachwa humpa maneno ya mambo anayoona aibu kuyasema. Usimuulize "unajua hiyo maana yake nini?", hilo ni swali la mtego na atajifunga. Muulize, "Ungekuwa wewe ndiye unaimbiwa hivyo, ungejisikiaje?" Kisha nyamaza. Jibu la kwanza mara nyingi ni "sijui tu". La pili huja baadaye, mnapofanya kazi nyingine, na wimbo haupigwi.